Pombe ya Tufaha na Chombo Chake

Pombe ya tufaha, ambayo Waingereza huiita saida, haikuhitaji mtu wa kuigundua. Maji ya tunda hilo yakikamuliwa na kuachwa siku chache huanza kutoa povu yenyewe, maana hamira iliyoko kwenye tunda na kwenye vinu hugeuza sukari kuwa kileo. Kazi ya anayejifunza fani hii, basi, ni kuyatunza maji hayo yanapochachuka na baada ya hapo. Historia ya Uingereza ya karne ya 17 na ya 18 inaonyesha kwamba sehemu ngumu ya ujuzi huo ilikuwa chombo, na kwamba kutolijua hilo kuliwagharimu watu afya zao.

Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, ilivuma kwa maradhi yaliyoitwa kwa jina lake: msokoto mkali wa tumbo, choo kufunga, na mwishowe mikono kupooza. Mwaka 1739 daktari John Huxham wa Plymouth alilaumu ukali wa saida yenyewe. Dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wanywaji wa saida. Ila ilishindwa kueleza kwa nini huko Herefordshire, kaunti nyingine ya Uingereza ambako saida ilinywewa kwa wingi vilevile, maradhi hayo yalikuwa nadra. Mwaka 1767 George Baker, daktari mzaliwa wa Devon, alitafuta jibu kwenye mitambo. Huko Devon vipande vya mawe ya vinu viliungwa kwa madini ya risasi, na baadhi ya mashinikizo yalitandikwa madini hayohayo. Huko Herefordshire hiyo haikuwa desturi. Alipozipima saida hizo kwa njia za kemia, alikuta risasi katika ile ya Devon tu. Asidi ya tufaha huyeyusha risasi. Hivyo Huxham alishika nusu ya ukweli, kwamba ukali ulihusika, lakini ulidhuru kwa sababu ya kilichoguswa nao.

Baker alipingwa, hata mchungaji Thomas Alcock akachapisha kitabu mwaka 1769 kukanusha kwamba risasi ndiyo chanzo. Mtetezi wa mkulima angeweza pia kuuliza: mbona wazee walitumia vinu hivyohivyo na wengi wao hawakuugua? Jibu ni kwamba risasi hujikusanya mwilini polepole, kwa hiyo mnywaji hana njia ya kuunganisha kikombe cha jana na maumivu ya mwakani. Uzoefu wa mtu mmoja hauwezi kufichua sumu ya namna hiyo. Kilichoifichua ni kulinganisha kaunti mbili zenye kinywaji kimoja na vyombo tofauti.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja kwamba chombo ndicho sehemu ngumu ni kwamba ubora wa saida hutokana na aina ya tufaha. Herefordshire ilisifika kwa Redstreak, tufaha linalohusishwa na Lord Scudamore, na sifa hiyo ilistahili. Lakini maji ya Redstreak yakiwekwa kwenye pipa lisilojazwa wala kuzibwa, hewa huingia na saida hugeuka siki. Nayo saida yenye mapovu, iliyoshindana na divai mezani kwa matajiri, isingewezekana bila chupa madhubuti. Mwaka 1615 serikali iliwakataza watengeneza vioo kuchoma kuni, wakahamia makaa ya mawe, ambayo moto wake mkali ulisaidia kupata kioo kigumu zaidi. Kufikia 1662 John Beale aliieleza Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, jinsi ya kutia sukari kidogo katika kila chupa ili saida ichachuke tena ndani yake. Chupa dhaifu ingepasuka.

Aina ya tunda huamua ladha inayowezekana, na chombo huamua kama itamfikia mnywaji, tena bila sumu. Ndiyo maana anayekamua matufaha leo hutumia kioo, plastiki ya vyakula au chuma kisichoshika kutu, na huepuka ndoo ya bati lililopakwa zinki: asidi ileile iliyoyeyusha risasi ya Devon huyeyusha zinki pia.