Sanya Juu: Msitu, Tambarare na Njia Zilizozibwa

Ukipanda na barabara ya Boma Ng'ombe kuelekea Sanya Juu na Ngarenairobi, kulia kwako ni msitu wa Kilimanjaro, kushoto tambarare kavu inayotanda hadi Mlima Meru. Upande huu haupati mvua kama ya Machame au Kibosho, na kadiri unavyoelekea kaskazini ndivyo miti ya mwangati inavyozidi. Mbao zake hunukia, hazipendwi na mchwa, na ziliwahi kutafutwa sana kwa kutengenezea penseli. Msituni wamo mbega, nyati, pofu na tembo. Tembo hao hawajui mpaka: hushuka kwa njia ya Kitendeni hadi Amboseli, Kenya, kisha hurudi mlimani.

Wajerumani waliufanya msitu huu kuwa hifadhi mwanzoni mwa karne ya ishirini, Waingereza wakaendelea nao. Lakini historia ya Sanya haisomeki msituni peke yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Tume ya Jaji Mark Wilson ilipendekeza ukanda wote kati ya Kilimanjaro na Meru uwe wa walowezi, wafuge ng'ombe wa nyama na maziwa. Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 wakaondolewa Ngare Nanyuki, ndani ya ukanda huo, kwa nguvu, nyumba zao zikachomwa. Kirilo Japhet, msemaji wao, akaenda kulieleza jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Kwangu mimi, hapo ndipo penye kiini cha habari: waliochora ramani waliona nyasi tupu, wakati palikuwa na malisho, maji, makaburi ya wazee na njia za wanyama.

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa 1973, na mwaka 2005 msitu mzima ukaingizwa ndani yake. Kwa mama aliyezoea kukata majani ya ng'ombe na kuokota kuni kando ya msitu, huo ulikuwa mlango mwingine kufungwa.

Leo kuna shamba la miti la serikali, misonobari na sipresi, ambako wakulima hupanda viazi katikati ya miche mpaka ikue. Mashamba nayo yameibana Kitendeni pande zote mbili. Vijiji vya huko, vikiwa ndani ya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Enduimet, ndivyo vinavyobeba kazi ya kuiacha wazi, na ndivyo tembo anavyovivunia mahindi usiku.