UZI: Mgodi ulifungwa, mabomba ya maji yakabaki

Kila mjadala wa makaa ya mawe ya Bonde la Mui kule Kitui ukianza, hakosi mtu wa kusema: "Wacheni mgodi uje kwanza, mji utakuja wenyewe." Ni kweli, mji huja. Leo twende Japani tuone mmoja uliokuja hivyo, na nani aliachiwa bili. Sitaji mwanasiasa wala chama.

Mji unaitwa Yubari, uko kisiwa cha Hokkaido, kaskazini. Anzia kwa ramani. Eneo lake ni kilomita mraba 763 hivi, yaani unaishinda Kaunti ya Nairobi kwa ukubwa, lakini karibu pote ni milima, msitu na theluji nyingi. Watu walijibana kwenye mabonde membamba kando ya mito. Hakuna aliyekaa chini akaupanga. Makaa yaligunduliwa 1888, reli ikafika 1892, na kila shimo likazaa mtaa wake: nyumba za kampuni, shule, bafu la umma. Shimo lingine likichimbwa kilomita kadhaa mbele, mtaa mwingine. Kufikia 1960 kulikuwa na watu zaidi ya laki moja, na migodi zaidi ya 20, mikubwa kwa midogo.

Halafu mafuta ya bei nafuu yakaingia Japani, na makaa ya kutoka nje yakawa rahisi kuliko ya Yubari. Migodi ikaanza kufungwa mmoja mmoja.

Kampuni moja ilijaribu bado, ikafungua mgodi mpya, wa kina kirefu. Oktoba 1981 gesi ililipuka humo na moto ukashika. Ili kuuzima, familia ziliombwa zikubali mgodi umwagiwe maji huku wanaume 59 wakiwa bado hawajapatikana chini. Hebu fikiria unaletewa swali hilo mlangoni. Waliokufa kwa jumla ni 93. Mwaka uliofuata mgodi ukafungwa. Mgodi wa mwisho mjini ulifungwa 1990.

Sasa sikiza hapa, manake hapa ndipo mijadala yetu hupita haraka. Kampuni zikiondoka ziliacha nyumba, mabomba na hospitali. Baraza la mji likavichukua, na pesa nyingi zikaenda huko. Vijana walifuata kazi Sapporo na Tokyo, lakini bomba la maji halihami. Mtaa uliokuwa na familia elfu moja ukibaki na familia thelathini, barabara yake bado inataka kuondolewa theluji urefu uleule, ila sasa walipa ushuru ni wachache.

Baraza likasema tutabadilisha, tutoke makaa twende utalii. Likajenga bustani ya burudani juu ya historia ya makaa, likaingiza pesa kwa hoteli na uwanja wa kuteleza kwa theluji. Wageni hawakutosha. Badala ya kukubali, maafisa wakawa wanakopa benki kwa muda mfupi na kuzungusha pesa kati ya akaunti mwaka wa fedha ukiisha, ili vitabu vionekane safi. Siri ilitoka 2006. Deni la kulipwa: karibu yen bilioni 35. (Kama hii imekukumbusha ripoti fulani za ukaguzi huku kwetu, ni wewe umesema.)

Tangu 2007 mji uko chini ya uangalizi wa serikali kuu. Hospitali ya vitanda 171 ikawa kliniki ya vitanda 19. Shule za msingi zikaunganishwa ikabaki moja. Mishahara ya wafanyakazi ikakatwa, ushuru ukapanda, na wenye uwezo wa kuhama wakahama. Sensa ya 2020 ilipata watu elfu 7 na kitu, zaidi ya nusu yao wakiwa na miaka 65 kwenda juu.

Kuna kitu kimoja kilichofaulu: matikiti matamu ya Yubari. Mwaka 2019 mawili yalinunuliwa mnadani kwa yen milioni 5. Wakulima waliyaanza miaka ileile ya 1960, makaa yakiwa juu, bila mtu kuwaita waokozi wa uchumi.

Siku hizi baraza linawaomba wazee wahame mitaa ya mbali waje karibu na katikati, mabomba ya huko yafungwe. Wengine wamekubali. Ile reli ya 1892 iliacha kufika mjini Machi 2019.