Mtoto wa paka anajisaidia ndani: mfundishe sehemu yake bila kumpiga

Nyambureti, kama ilivyo katika vijiji vingine vya wilaya za Serengeti na Tarime, paka hufugwa kwa kazi: kulinda mahindi, mtama na ulezi dhidi ya panya. Lakini mtoto wa paka aliyeletwa nyumbani leo anaweza kuchafua nafaka kabla hajaanza kuilinda. Wapo wanaompiga, na wapo wanaokwenda kumtupa porini. Hakuna haja. Tabia hii hurekebishika ndani ya wiki chache, bila gharama kubwa.

Kwa nini anafanya hivyo?

Katika wiki 3 za kwanza, mtoto wa paka hawezi kujisaidia mwenyewe. Mama yake humlamba chini ya mkia ndipo mkojo na kinyesi vitoke. Kuanzia wiki ya 3 au ya 4 huanza kutafuta mahali pa kufukua, na humwiga mama yake. Ndiyo maana si vizuri kumtenga na mama kabla ya wiki 8.

Anachotafuta ni kitu kikavu na laini kinachofukulika kwa kucha. Ndani ya nyumba zetu, vitu hivyo ni majivu yaliyopoa jikoni, nafaka iliyomwagwa sakafuni na nguo zilizorundikwa. Si kiburi. Amechagua kilichopo.

Mtengenezee choo

Chukua karai kuukuu, au kata sehemu ya chini ya dumu la lita 20. Ukuta wake usizidi kimo cha kiganja, ili aweze kupanda. Lainisha makali yasimkate. Weka mchanga au udongo mkavu wenye kina cha vidole vitatu. Maranda ya mbao pia yanafaa. Usitumie majivu, kwa sababu yakilowa huwasha ngozi ya miguu yake.

• Kiweke kwenye kona tulivu, mbali na chakula chake. Paka hapendi kujisaidia anapolia.
• Mpeleke hapo kila anapoamka, baada ya kula na baada ya kucheza.
• Akichafua kwingine, chota kinyesi hicho kidogo ukiweke kwenye choo chake. Harufu itamwelekeza.
• Kwa siku za mwanzo, usiku mfungie chumba kimoja pamoja na choo chake na maji.
• Funika majivu, na hifadhi nafaka kwenye magunia yaliyofungwa au kihenge chenye mfuniko.

Akishazoea, sogeza choo kidogo kidogo kuelekea mlangoni, kisha nje. Huko nje mchagulie sehemu yenye udongo laini, mbali na bustani ya mboga na kisima.

Usimpige wala kumsugua pua kwenye uchafu. Hataelewa kosa, atajifunza kukuogopa na kujificha anapojisaidia. Paka aliyeogopa pia hung'ata, na paka anaweza kubeba kichaa cha mbwa. Akikung'ata au kukukwaruza, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya. Kampeni ya chanjo ya mbwa ikifika kijijini, uliza kama paka wako naye atachanjwa.

Kusafisha

Paka hurudi palipo na harufu yake. Kwenye sakafu ya udongo, kwangua sehemu iliyolowa, weka udongo mpya na usiribe. Kwenye saruji, osha kwa maji na sabuni, kisha pitisha siki iliyochanganywa na maji. Usimwage dawa ya klorini juu ya mkojo, kwani hutoa hewa yenye sumu. Usitumie dawa ya kuogeshea mifugo, wala dawa za kusafishia zinazogeuka nyeupe zikichanganywa na maji. Nyingi ni sumu kwa paka.

Nafaka iliyochafuliwa itoe pamoja na iliyo karibu nayo. Usiwape mbuzi au kondoo.

Tahadhari kwa mjamzito

Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa unaoitwa toksoplazmosisi. Watu wengi wakiupata hawaoni dalili. Lakini mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, mimba inaweza kuharibika, au mtoto akapata madhara ya macho na ubongo. Mbuzi na kondoo nao hutupa mimba.

Vijidudu hivyo huchukua siku 1 hadi 5 tangu kinyesi kitoke ndipo viweze kuambukiza. Kwa hiyo toa kinyesi kila siku na ukifukie au ukitupe chooni. Kazi hii aifanye mtu mwingine, si mjamzito. Kila mtu anawe mikono kwa sabuni, aoshe mboga na apike nyama hadi iive. Mjamzito hana haja ya kumfukuza paka.

Akiharisha au akishindwa kukojoa

Mkoa wa Mara una ng'ombe wengi, na paka hupewa maziwa kwa nia njema. Paka wengi tumbo lao halimudu maziwa ya ng'ombe, hivyo huharisha na kushindwa kufika chooni. Mpe maji safi, dagaa waliochemshwa bila chumvi, na ugali kidogo uliolowekwa kwenye mchuzi wake.

Kuharisha kukiendelea zaidi ya siku moja, au ukiona minyoo, mwone afisa mifugo akupe dawa inayolingana na uzito wake. Usimpe dawa za binadamu. Hata kipande cha paracetamol kinaweza kumuua. Paka dume anayejikamua bila kutoa mkojo apelekwe siku hiyohiyo, kwani akichelewa hufa.