Wanagenzi wa Ramani Huria na Walimu Wao

Msomaji wa Qurus, wilayani Karatu, ambaye tangu utotoni amezoea kumwelekeza mgeni kwa kumtajia kanisa, josho au njia panda, huenda akastaajabu kusikia kwamba ipo ramani ya dunia nzima ichorwayo na watu wa kujitolea, iliyoasisiwa London mwaka 2004 na Steve Coast kwa jina la OpenStreetMap, ambayo kila mtu ana idhini ya kuichora, kuisahihisha na kuitumia bila malipo, na ambayo hata msimbo wa programu zake u wazi kwa yeyote atakaye kuusoma.

Lakini idhini peke yake haikumfaa mwanagenzi. Ilihitajika taratibu ya kumshika mkono, na huku kwetu taratibu hiyo ilianza kwa miguu: vijana wa Kibera, Nairobi, mwaka 2009, kisha Tandale mwaka 2011, na hatimaye, mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria jijini Dar es Salaam, ambamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na cha Dar es Salaam walipita katika mitaa ya mafuriko pamoja na wenyeji, wakiandika mitaro na vichochoro ambavyo hakuna picha ya angani iwezayo kuvitaja. Baadhi yao ndio waliounda baadaye OpenMap Development Tanzania, na Agosti 2018 Dar es Salaam ikaupokea mkutano wa kimataifa wa programu huria za ramani, FOSS4G, uliokuwa umewahi kufika Afrika mara moja tu, Cape Town, mwaka 2008.

Mwaka huohuo wa 2015 ilianza pia Crowd2Map, chini ya Tanzania Development Trust ya Uingereza, iliyojishughulisha na vijiji, kwa kuwa huko Mugumu, Serengeti, waliokwenda usiku kuwaokoa mabinti na ukeketaji hawakuwa na ramani ya kuwafikisha. Hapa mwalimu na mwanafunzi aghalabu hawaonani kamwe. Nchi hugawanywa katika miraba. Mgeni huchukua mmoja, akachora barabara na nyumba kwa kuitazama picha ya setilaiti, kisha mzoefu huikagua kazi hiyo, ama kuikubali ama kuirudisha pamoja na maelezo. Tuchukue boma la Wamaasai kule Ngorongoro: mchoraji aliye Ulaya, aonapo duara la ua wa miiba, hulizungushia mstari mmoja akidhani ni jumba kubwa, na mkaguzi hana budi kumfahamisha kwamba ule ni ua, kwamba katikati ni zizi, na kwamba kila nyumba huchorwa peke yake. Maelezo hayo yakiandikwa kwa adabu, mgeni huchukua mraba wa pili. Yakiwa makali, huondoka bila kuaga, na nadhani hasara hiyo ni kubwa kuliko ya nyumba kumi zilizochorwa vibaya.

Majina, hata hivyo, hayaonekani angani. Mkaguzi, awe stadi wa namna gani, hawezi kung'amua kutoka juu kwamba Karatu ina vijiji vya Gyekrum Arusha na Gyekrum Lambo, wala mpaka wa hiki na kile. Hapo huacha nafasi tupu, akamngoja mkazi mwenye simu amfundishe.