Kichocho Shuleni: Dawa Ilivyofika Mikononi mwa Mwalimu

Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, na hadi ulipomalizika mwaka 1956 malambo mengi yalikuwa yamechimbwa ili ng'ombe wasife kwa kiu. Maji hayo yalimfaa mfugaji, na yakamfaa konokono pia. Konokono wanaobeba kichocho cha mkojo katika eneo la Shinyanga, ndani ya Usukuma hiyo, hawana haja na maji ya mwaka mzima: kiangazi hujificha kwenye tope lililokauka, na mvua zikinyesha huamka na kuzaana. Wanaishi katika malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga, mahali pale pale mtoto anapochunga, anapochota maji na anapooga akitoka shule.

Upande wa Geita, pwani ya Ziwa Victoria, kuna kichocho cha aina nyingine. Hicho hushambulia utumbo na ini, na konokono wake anaishi ziwani. Kwa hiyo mtoto wa mvuvi anaweza kuambukizwa mwezi wowote.

Mwanza ndiko utafiti ulikoota mizizi. Taasisi ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki ilianzia hapo mwaka 1949, na baadaye kituo chake kikawa sehemu ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Mwaka 1968 F. S. McCullough, Dk. V. M. Eyakuze na wenzao walichapisha uchunguzi wa maji ya Misungwi na jinsi yanavyoeneza kichocho. Silaha kubwa ya wakati huo ilikuwa sumu ya kuua konokono. Ni kazi ya gharama isiyoisha, maana waliosalia topeni hurudi na mvua inayofuata.

Shule ilikuwa na msaada gani? Mdogo sana. Dawa ya antimoni, iliyotumika tangu 1918, ilidungwa kwenye mshipa, sindano baada ya sindano kwa wiki kadhaa, na mgonjwa akitapika. Hakuna mwalimu wa darasa la tatu aliyeweza kuigusa.

Mambo yaligeuka pale kampuni za Bayer na Merck za Ujerumani zilipotengeneza prazikwanteli katika miaka ya 1970. Vidonge vinamezwa mara moja, basi. Wakati huo huo madarasa yalikuwa yakijaa: Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilidai elimu ya msingi kwa wote, na utekelezaji ukashika kasi mwaka 1977. Kundi lenye kichocho zaidi kuliko yote sasa lilikuwa limekaa kwenye madawati, na majina yake yameandikwa kwenye rejista.

Lakini shule ipi ianze? Huko Kilosa watafiti waliwapa walimu dodoso lililomwuliza mwanafunzi magonjwa aliyopata, kukojoa damu kukiwemo. Majibu yalilinganishwa na vipimo vya maabara, na yakatosha kuonyesha shule zilizo hatarini. Baadaye dodoso la aina hiyo lilipelekwa shuleni nchi nzima ili kupanga wapi dawa ianzie.

Kikabaki kipimo cha dozi. Mizani ni adimu shuleni, kwa hiyo Shirika la Afya Duniani likapendekeza fimbo yenye alama: mtoto anasimama kando yake, urefu unasema idadi ya vidonge. Mwenye sentimita 120 anapata kimoja na nusu, mwenye 130 viwili, mwenye 140 viwili na nusu. Watoto wa Magu walikutwa na kichocho pamoja na safura, kama Nicholas Lwambo na wenzake walivyoonyesha mwaka 1999, hivyo kidonge cha albendazoli kikawa mwenza wa prazikwanteli.

Kugawa dawa hizi shuleni, yaani kingatiba, hakukupokelewa kwa shangwe kila mahali. Mwaka 2008, mkoani Morogoro, watoto waliumwa tumbo na kutapika baada ya kumeza dawa. Uvumi ukaenea na wazazi wenye hasira wakavamia shule. Prazikwanteli inataka mtu awe amekula, na mzazi anataka kuambiwa mapema. Ndiyo maana siku ya kugawa dawa, chakula na taarifa kwa wazazi vina uzito sawa na vidonge vyenyewe.

Hata hivyo, katika vijiji vya pwani ya ziwa vilivyotibiwa mwaka hadi mwaka kati ya 2011 na 2015, wakati wa mradi wa utafiti wa kichocho ulioitwa SCORE, kuna ambako maambukizi hayakushuka kama ilivyotarajiwa. Mtoto aliyemeza dawa asubuhi bado anakwenda kuchota maji jioni, mara nyingi na mdogo wake nyuma. Huyo mdogo hakuwa na dawa iliyotengenezwa kwa ajili yake; ya umri wa miezi 3 hadi miaka 6 ilipata maoni chanya ya kitaalamu barani Ulaya mwishoni mwa 2023. Jina lake haliko kwenye rejista ya mwalimu, kwa hiyo dawa hiyo inabidi ipitie kliniki ya watoto na kwa mhudumu wa afya wa kijiji.