Vitabu vya Mudimbe na swali la upadri

Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa mwaka 1941 katika Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Akiwa kijana aliingia monasteri ya Wabenedikto katika Rwanda, kisha akatoka. Baadaye alifundisha chuo kikuu hapa Lubumbashi, akahamia Marekani, akafa mwaka 2025. Alitunga mashairi, Déchirures (1971); akaandika habari za safari yake, Carnets d'Amérique (1976). Lakini kitabu kinachotuhusu zaidi sisi watu wa seminari ni Entre les eaux (1973).

Ndani yake Padri Pierre Landu anaacha misioni na kufuata waasi porini, kwa kuwa anaona Kanisa limekaa upande wa wenye nguvu. Waasi nao hawamwamini. Anamwandikia askofu wake barua. Wanaikamata, wanamhukumu kufa. Askari wa serikali wanamwokoa. Anaoa, kisha anamwacha mke na kuingia monasteri.

Wengine husema kitabu hiki ni hatari kwa vijana. Sisi tunaona vingine. Landu hakupotea kwa kuwapenda maskini. Alipotea kwa sababu kila alipokwenda alijitafuta mwenyewe. Basi heri mseminari ajiulize anamtafuta nani kabla ya kupewa upadri, kuliko kujiuliza baadaye.