Saa moja ndani ya dhoruba ya Mshtarii

Tuko kambini, huku Kigoma. Wiki hii zamu ya historia ni yetu sisi vijana wa kujitolea, na tumeamua tusiandike habari za mfalme wala za vita. Tunaandika habari za dhoruba. Tena sio dhoruba ya hapa.

Sababu ni hii. Juzi juzi tulikuwa tumekaa nje usiku, simu zote chaji imeisha, mawingu yameondoka baada ya ile mvua iliyong'oa maturubai kwenye mtaa wetu. Mdogo wetu mmoja akanyoosha kidole juu, akaonyesha nyota kubwa, nyeupe, isiyometameta. Akauliza: "Hivi na kule mvua inanyesha?" Tulicheka. Halafu tukanyamaza, maana hakuna aliyekuwa na jibu. Kumbe ile haikuwa nyota. Ilikuwa sayari, Mshtarii, ambayo shuleni tuliisoma kwa jina la Jupita. Na swali la mdogo wetu, watu wamelihangaikia kwa mamia ya miaka.

Tuanze na kujua ni mahali gani. Mshtarii ni sayari kubwa kuliko zote zinazolizunguka Jua letu. Ukipanga Dunia 11 kwenye mstari, ndo unapata upana wake. Lakini haina ardhi ya kukanyaga kama hii yetu. Ni gesi, zaidi haidrojeni na heliamu, na juu yake mawingu ya amonia. Ukianguka pale hutui. Unaendelea kushuka, giza linaongezeka, joto linaongezeka, hewa inakubana mpaka inakuponda. Na hilo pande lote linajizungusha mara moja kwa chini ya saa 10, wakati Dunia yetu ndogo inatumia saa 24. Ndiyo maana mawingu yake yamevutwa yakawa mistari mistari, kama kitenge.

Mtu wa kwanza kuandika alichokiona pale kwa darubini ni Galileo Galilei wa Italia, Januari 1610. Aliona miezi minne inaizunguka. Dhoruba hakuziona, darubini yake ilikuwa ndogo. Mwaka 1665 Giovanni Cassini aliona doa kwenye mawingu, likarudi, likarudi tena, akalifuatilia. Doa hilo liliendelea kuonekana mpaka 1713, halafu habari zake zikakatika. Zaidi ya miaka 100 hakuna aliyeliandika. Kuanzia 1831 watu wakaanza tena kuchora doa upande wa kusini wa sayari, na hilo ndilo tunaloliita leo Doa Jekundu Kubwa. Ni dhoruba inayozunguka bila kusimama, kubwa kuliko Dunia yote. Miaka mingi vitabu vilisema ni lile lile la Cassini. Mwaka 2024 watafiti walipima michoro ya zamani wakaona hesabu haikubali. Inaelekea lile la Cassini lilikufa, na hili ni jingine.

Tena hili nalo linapungua. Mwisho wa karne ya 19 urefu wake ulikuwa kama kilomita 40,000. Mwaka 1979 ulikuwa kama 23,000. Mwaka 2017 ulikuwa kama 16,000. Bado Dunia yetu, yenye upana wa kilomita 12,700 hivi, ingemezwa mzima mzima.

Sasa, kwa muda mrefu watu waliitazama dhoruba kwa nje tu. Ndani hakuna aliyefika, kwa hiyo wakaanza kuwaza. Mwaka 1971 mwandishi Arthur C. Clarke alitunga hadithi ya mtu anayeelea na puto ndani ya mawingu ya Mshtarii, peke yake, akakutana na viumbe vikubwa vinavyoelea. Mwaka 1976 wanasayansi wawili, Carl Sagan na Edwin Salpeter, waliandika jambo hilo kwa hesabu kabisa: kama kuna uhai kule, ungeishije bila ardhi? Wakafikiria viumbe kama maputo makubwa yanayoelea kwenye tabaka lenye joto la kufaa, na vingine vinavyowawinda. Hakuna kiumbe kilichopatikana mpaka leo. Lakini hatuoni kwamba walipoteza muda. Mtu ambaye hajafika mahali, akikaa akawaza vizuri, angalau anajua atauliza nini siku akifika.

Vyombo vya kwanza vya Marekani vilipita karibu na sayari hiyo mwaka 1973 na 1974, Pioneer 10 na Pioneer 11. Mwaka 1979 zikapita Voyager mbili. Voyager 1 ilipiga picha upande wa usiku wa sayari, na gizani mle ikaonekana mimuliko ya radi. Sisi tuliotoka Kivu radi tunaijua. Setilaiti zimehesabu, na milima ya Kongo Mashariki ni moja ya sehemu zinazomulikwa na radi zaidi duniani kote. Kwa hiyo tuliposoma habari hiyo tuliona kama tumepata jirani.

Lakini hizo zote zilipita tu. Kuingia ndani kulisubiri chombo kilichopewa jina la Galileo, yule mzee wa darubini. Kilirushwa tarehe 18 Oktoba 1989, na safari yake ilikuwa na mikosi. Antena yake kubwa ilitakiwa ifunguke kama mwavuli. Mwaka 1991 walipojaribu kuifungua, ilikwama. Walihangaika nayo, haikufunguka mpaka mwisho. Ikabidi habari zote zipite kwenye antena ndogo, polepole mno, kama sisi tunavyotuma picha kwenye mtandao wa hapa saa za jioni. Oktoba 1995, miezi miwili tu kabla ya kufika, rekoda ya tepu ya kuhifadhia habari nayo ikakwama. Ilipokubali tena, wakubwa wa kazi wakaamua kuacha picha nyingi walizopanga kupiga njiani, wasije wakaiua rekoda kabla ya kazi kuu.

Kazi kuu ilikuwa chombo kidogo kilichobebwa tumboni. Kilikuwa na uzito wa kilo 339, hakina kamera, hakina injini ya kurudia. Kiliachiwa Julai 1995 kikaenda chenyewe miezi mitano. Tarehe 7 Desemba 1995 kikaingia kwenye hewa ya Mshtarii kwa mwendo wa kilomita 47 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, Kigoma mpaka Dar es Salaam ni nusu dakika. Hewa ilikikaba breki kwa nguvu ambayo mtu wa kilo 60 angehisi ana uzito wa zaidi ya tani 13. Ngao yake ya joto ikaungua, zaidi ya nusu ya uzito wake ikapotea. Halafu parachuti ikafunguka, na kikaanza kushuka kinapima: joto, mgandamizo wa hewa, upepo, gesi, maji. Kilipiga redio kwa chombo mama kilichokuwa juu yake, mbali sana, kinasikiliza na kurekodi.

Mwaka huo huo, Kivu yetu ndiyo iliyokuwa imejaa kambi za watu waliotoka Rwanda. Wazazi wetu walikuwa wenyeji, sio wageni. Vita vya 1996 vilikuwa bado. Tunalisema hili ili msomaji ajue ni zamani kiasi gani.

Chombo kilisikika kwa dakika kama 58. Upepo aliouona ulipita kilomita 600 kwa saa, na jambo la ajabu, haukupungua kadiri kilivyoshuka. Wengi walidhani upepo wa kule unasukumwa na Jua kama huku, kwa hiyo chini ya mawingu ungetulia. Haukutulia. Hiyo iliashiria kwamba nguvu kubwa inatoka ndani ya sayari yenyewe, kwenye joto lake la tangu kuzaliwa. Mwisho joto lilifika nyuzi 153 na mgandamizo ukawa zaidi ya mara 20 ya wa hapa. Redio ikanyamaza. Baadaye chombo chenyewe kiliyeyuka kikawa sehemu ya ile hewa.

Sasa ndo tunafika kwenye swali la mdogo wetu. Kule kuna mvua? Wanasayansi walitarajia kukuta mawingu mazito ya maji. Chombo hakikuyakuta. Maji kilichoyapima yalikuwa machache sana kuliko walivyotarajia. Kwa mtu anayesoma karatasi tu, jibu lilikuwa rahisi: Mshtarii ni pakavu.

Hapo ndipo sisi tuliposimama na kusoma mara mbili. Wale watafiti hawakuandika kwamba sayari ni kavu wakafunga kitabu. Walijiuliza: tuliangukia wapi? Wakatazama picha za darubini za hapa Duniani zinazoona joto, wakagundua chombo kiliingia kwenye mojawapo ya madoa makavu ya kaskazini kidogo mwa ikweta. Pale hewa iliyokwisha kumwaga maji yake sehemu nyingine ndiyo inashuka, na mawingu yanaachana. Ni sehemu ndogo tu ya sayari. Yaani kwa ukubwa wote ule, walidondoka kwenye uwazi. Wakasema wazi: hiki tulichopima ni kweli, lakini ni kweli ya pale tuliposhuka.

Tuwaambie kwa nini jambo hili lilitugusa. Kuna wageni waliwahi kufika kambini kwetu kuangalia habari ya maji. Hatutawataja, na kuwasema siyo lengo. Walisimama kwenye bomba la karibu na barabara, asubuhi, saa ambayo maji yanatoka. Walikaa kama saa moja, wakapiga picha za akina mama wanajaza ndoo, wakaondoka. Baadaye kwenye mkutano tulisomewa taarifa: upatikanaji wa maji ni wa kuridhisha. Hawakudanganya, walichokiona walikiona. Ila siku hiyo hiyo, mitaa ya nyuma, ndoo zilikuwa zimelala foleni tangu jana yake. Bomba la pili tuliloliomba halikuja.

Tulikasirika sana wakati ule. Lakini tuseme ukweli wote. Baada ya mvua ya juzi, sisi wenyewe tulitumwa kuandika nyumba zilizoharibika. Njia ilikuwa tope, jioni imeingia. Tukaandika za kando ya barabara, tukakadiria zilizobaki, tukarudisha karatasi. Na sisi tulikuwa chombo cha saa moja.

Turudi juu. Swali la maji lilibaki wazi zaidi ya miaka 20. Mwaka 2011 kikarushwa chombo kingine, Juno, kikafika Julai 2016. Hiki hakikutumwa kuanguka mahali pamoja. Kinazunguka kutoka ncha hadi ncha, kila mzunguko kinapita juu ya sehemu nyingine, na kina kifaa cha kusikiliza mawimbi yanayotoka chini kabisa ya mawingu. Mwaka 2020 wakatoa jibu la ikweta: maji yapo, kama robo ya asilimia moja ya chembe za hewa ya pale. Kwa maneno mengine, maji mengi kuliko kilichoonyeshwa na kile chombo cha 1995. Na hata hapo wakaongeza kwamba hiyo ni ikweta, sehemu nyingine zinahitaji kupimwa zenyewe.

Juno imeonyesha na mengine. Kwenye ncha ya kaskazini kuna kimbunga kimoja katikati na vingine vinane vimekizunguka, kama watoto waliozunguka moto. Doa Jekundu Kubwa limepimwa kina chake, kati ya kilomita 300 na 500 kwenda chini. Ziwa letu Tanganyika, la pili kwa kina duniani, ni kilomita moja na nusu tu. Na watafiti wanaamini kwamba ndani ya dhoruba kali za kule zinaundwa tonge laini za barafu ya maji na amonia, zinaanguka chini sana kama mvua ya mawe, zinayeyuka zikiwa njiani.

Kwa hiyo mdogo wetu tumemjibu: ndiyo, inaelekea kule inanyesha, ila haigusi chini, kwa sababu chini hakuna. Akasema, "Basi hawana tope." Hilo hatukuwa na la kuongeza.

Jambo moja la mwisho. Picha za kamera ya Juno zimewekwa wazi kwenye intaneti, na watu wa kawaida, sio wanasayansi, ndio wanaozisafisha na kuzipa rangi. Mwenye simu nzuri na bando anaweza kujaribu. Akipata, atuletee tuione wote.

Sisi Jumamosi tulirudi na ile karatasi. Tulianza mtaa wa mwisho kabisa, kule kwenye korongo, tukaja nao mpaka barabarani. Kwenye mitaa miwili usiku ulitukuta bado hatujamaliza. Safari hii hatukukadiria. Tumeandika pembeni: hapa hatujafika.